Taa ya Chumba cha Nyuma

Kwa miezi saba kinyozi alimjua anayemmalizia umeme: mama yake mzazi. Yuniti za Jumatatu ziliisha Jumatano, na mama, kwa kuogopa giza, alilala na taa ikiwaka. Ushahidi gani zaidi? Hata wateja aliwachekesha kwa hilo. "Mama anaota jua usiku," aliwaambia, na ukuta wa saluni ulikuwa wa mbao tu, kila neno lilipenya hadi chumba cha nyuma. Mwishowe akapanda kwenye stuli, akaifungua balbu ya mama, akaitia mfukoni. Mama akamwomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi, jamani. Wiki mbili baadaye, akipapasa ukuta kwenda chooni, alianguka akavunjika nyonga. Tangu hapo ni mtu wa kitandani.

Leo asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu. Kampuni ya umeme ilimsikitikia mteja wake mpendwa: mita yake ilikuwa mbovu, ilisoma mara tatu ya matumizi, na angefidiwa yuniti mia sita na arobaini. Akabonyeza tarakimu walizomtumia kwenye mita, zikakubali. Akaenda dukani akanunua balbu kubwa kuliko zote, akaifunga kwa mama.

Mama akajikinga macho. "Zima, mwanangu. Itakula umeme."

"Haili, mama. Mita ndiyo ilikuwa mbovu."

Mama akashusha mkono. "Kwa hiyo sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe."

Alitegemea kulaaniwa, na angestahili. Mama akasema tu, "Basi kawaambie na hao wateja wako."

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mtu wa mizaha. "Bi mkubwa bado anaota jua?"

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea ili sauti ivuke ukuta. Akasema mama hakuwa na kosa, mita ndiyo iliyoiba, na yeye ndiye aliyemwondolea taa mpaka akaanguka. Aliona aibu hata kushika kitana.

Dereva akageuza shavu kwenye kioo. "Na wamekulipa?"

"Wamenilipa."

"Una bahati wewe. Wenzako hata hawajibiwi. Hebu punguza na hapa nyuma."

Kutoka ng'ambo ya mbao mama akaita, bila hasira yoyote, "Nimesikia, mwanangu. Sasa njoo uizime."