Geti la Mkono wa Kulia

Mama Pindo alipanda baiskeli kwa mara ya kwanza akiwa tayari ni bibi, na balaa lote lililofuata lilitokana na tangi la maji.

Tangi hilo lilikuwa katikati ya uwanja wa shule, nyuma ya kibanda chake cha kushonea. Jioni, wanafunzi wakishaondoka, marafiki zake wawili walimpeleka hapo kumfundisha. Mmoja alikuwa Kinyozi, jirani wa mlango wa pili, mtu ambaye mdomo wake hauna kituo hata akiwa na wembe mkononi. Wa pili alikuwa Nesi, shoga yake tangu usichana, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Kinyozi alishika siti, Nesi alishika usukani, na Mama Pindo alishika roho yake. Wakamzungusha tangi. Akaanguka, akainuka, akazungushwa tena. Siku walipomwachia naye asianguke, Kinyozi alirukaruka kwa furaha, na Mama Pindo akaendelea tu kuzunguka kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha kusimama.

Msidhani ni mama wa kuchezewa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa vile gauni lenye pindo lililopinda haliondoki kibandani kwake hata bibi harusi akiwa amesimama mlangoni analia. Na akisema neno, amesema. Neno lenyewe alilisema mwaka uliotangulia, kwenye wodi ya watoto njiti. Mjukuu wake alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja vya Nesi, aliyekuwa zamu siku hiyo. Mashine za kuwapa watoto joto zilikuwa chache, ikabidi walazwe watatu watatu. Mama Pindo alisimama akitazama kupitia kioo, akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua maishani. Akamwambia yule mtoto, kwa sauti ambayo bintiye aliisikia vizuri, kwamba akitoka humo mzima, bibi yake atawatafutia wenzake joto. Mtoto akatoka mzima. Sasa hospitali ilikuwa imetangaza msafara wa baiskeli wa kuchangia mashine mpya, na bibi hakuwa na pa kujificha.

Wateja wake, watu wa utani kupita kiasi, waliahidi kuchanga kwa sharti moja.

"Ukiingia geti la hospitali uko juu ya baiskeli, tunatoa," alisema muuza vitambaa kwa niaba ya wote. "Ukiingia unaisukuma, tutakupa pole na chupa ya maji."

"Andaeni pochi," akajibu Mama Pindo. "Maji nitakuja nayo mwenyewe."

Ndipo wakatoka uwanjani kwenda barabarani, na kosa likajulikana. Kona ya kwanza ilikuwa ya mkono wa kushoto, akaikata vizuri. Ya pili nayo kushoto, vizuri zaidi. Ya tatu ilikuwa ya mkono wa kulia. Mama Pindo aliiona, aliikubali, aliitaka, mikono ikagoma. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ubao wa Kinyozi mwenyewe, ule wenye picha za vichwa vilivyonyolewa, akauangusha na vichwa vyake vyote.

Nesi alimwinua, akampangusa vumbi, kisha akageuka kulitazama lile tangi kwa mbali.

"Tulimzungusha upande mmoja," akasema.

"Upande mmoja vipi?" Kinyozi akauliza, huku akiokota ubao wake.

"Siku zote tangi lilikuwa kushoto kwake. Huyu hajawahi kukunja upande wa pili tangu azaliwe."

Walicheka hadi mbavu zikawauma, Mama Pindo akiwa wa kwanza. Kicheko kilipoisha, jambo lilibaki palepale. Walirudi uwanjani wakamzungusha upande wa pili, na kila jaribio lilimpeleka chini au kwenye tangi. Mwili ulikuwa umeshakariri. Mwishowe wakaamua kuishi na ugonjwa huo: akitaka kwenda kulia, alikunja kushoto mara tatu, akazunguka nyumba za watu, akatokea alikotaka. Mtaa ukamzoea, mama anayeaga kwenda sokoni huku akielekea kusikokuwa na soko.

Kinyozi akaenda kuikagua njia ya msafara, akarudi anatabasamu.

"Njia yote inakunja kushoto, utadhani waliipanga kwa kukuonea huruma. Tatizo ni geti la hospitali. Geti liko mkono wa kulia."

Dawa ya hilo alikuwa nayo. Ng'ambo ya barabara, kikitazamana na geti, kulikuwa na kichochoro. Mama Pindo angelipita geti, angekunja kushoto mara tatu, angetokea kwenye kichochoro hicho na kuvuka barabara hadi ndani bila kukunja popote. Walifurahi kama watu waliokwisha kumaliza safari.

Asiyefurahi alikuwa bintiye. Alikuja kibandani siku moja, mtoto mgongoni, akamkuta mama yake anashona huku goti limefungwa bendeji.

"Mama, hiyo baiskeli iache."

"Ni goti tu, mwanangu. Mashine naikanyaga kwa mguu wa pili."

"Leo goti. Kesho je?" Bintiye hakukubali hata kuvuta kiti. "Mimi nimeshakaa nje ya ile wodi nikimngoja mtu apone. Sikai tena pale nikikungoja wewe. Siku hiyo usinitegemee."

Mama Pindo akakata uzi. Huyu binti alimpenda kuliko macho yake. Alimfundisha kushona akiwa bado hajafikia urefu wa meza. Na alijua kwamba tangu mtoto atoke wodini, bintiye hakuwahi kuikanyaga hospitali ile, hata chanjo alimpeleka zahanati ya mbali. Ilimuuma sana. Hata hivyo baiskeli hakuiacha, kwa sababu neno alilisema mbele ya mtoto, na kwa maoni yake mtoto alisikia.

Siku ya msafara barabara ilifungwa magari yasipite. Vijana wenye suruali za kubana waliondoka kwa kasi, na nyuma yao wakafuata watu wa kawaida, kila mmoja na pumzi zake. Mama Pindo alijifunga kibwebwe juu ya fulana ya msafara, akakanyaga, Kinyozi na Nesi ubavuni kila mmoja na baiskeli yake. Kushoto penye benki, kushoto penye soko, kushoto penye mnara wa simu. Kwenye mlima Kinyozi alinyamaza, jambo ambalo hata mkewe hajawahi kulishuhudia. Nesi alipanda taratibu, kimya kama kawaida yake. Miguu ya Mama Pindo iliwaka moto, lakini miguu iliyokanyaga cherehani miaka yote hiyo haikuwa mgeni wa kazi. Alifika kileleni kabla ya Kinyozi, na hilo alilikumbuka kumtajia.

Mwisho wa mteremko hospitali ikaonekana. Kinyozi akatangulia kuangalia njia, akarudi uso umemshuka.

"Wameziba kichochoro," akasema. "Wamesimamisha hema la wageni palepale. Mgeni rasmi ameketi katikati."

"Basi shuka, shoga," Nesi akasema. "Tutasukuma wote watatu. Hao wateja niachie mimi."

Mama Pindo akaendelea kukanyaga. Pembeni ya geti alikuwa amemwona muuza vitambaa na kundi lake, na jamaa alikuwa ameinua chupa ya maji juu ili aione vizuri. Damu ikamchemka. Hakuja hapa kupewa pole. Akapunguza mwendo kwa breki, akauinamia usukani, akaanza kukunja mkono wa kulia.

Na kama ilivyokuwa kila mara, macho yake yaliganda kwenye tairi la mbele. Alilikodolea ili asilipe nafasi ya kukaidi, nalo likaanza kutetemeka. Nguzo ya geti ikawa inamjia. Mikono ikawa mizito, akajua anaanguka, mbele ya watu wote, hatua chache kutoka alikoahidi.

"Mama! Usitazame sindano!"

Sauti ile angeitambua hata usingizini. Na maneno yalikuwa yake mwenyewe, aliyoyasema mezani mpaka bintiye akachoka kuyasikia: anayeitazama sindano hushona upogo, tazama mbele, kitambaa kinakokwenda, mshono utafuata wenyewe.

Akainua macho. Ndani ya geti alisimama bintiye, mtoto kiunoni. Amekuja. Mama Pindo akawatazama wao tu, asitazame nguzo wala tairi wala chupa ya mtu, na baiskeli ikakunja. Ilikunja polepole, kwa upana, mkono wa kulia, ikapita getini naye akiwa juu yake amekaa wima.

Kelele zilizopigwa hapo ziliwaamsha wagonjwa. Kinyozi alikuwa analia waziwazi na hakuona haya. Muuza vitambaa alifungua ile chupa akainywa mwenyewe, kisha akaanza kuwapitia wenzake mmoja mmoja, akiwadai ahadi zao. Katikati ya ua wa hospitali palikuwa na bustani ya maua ya duara. Mama Pindo akaizunguka, maua yakiwa mkono wake wa kulia, akaizunguka tena, akicheka peke yake. Kusimama alikuwa ameshajua, hakutaka tu.

Aliposhuka, bintiye akamshika mkono.

"Ulisema hukai tena hapa," Mama Pindo akasema.

"Sikukaa, mama. Nimesimama tangu asubuhi."

Kisha akampa mama yake mtoto, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga, na akatangulia yeye mbele kuelekea wodini.