Raba za Mama Verediana

Mama Verediana hakuisifu Ujiji hata kwa bahati mbaya. Tangu avuke ziwa na binti yake Yusta, mwaka ule wa tisini na sita walipokimbia vita kwao Uvira, Kongo, kila alichokiona alikipima na cha kwao, na cha kwao ndicho kilichoshinda. Kule alikuwa na nyumba ya matofali, vyumba vitano, sakafu ya saruji. Hapa walipanga chumba kimoja cha udongo kwa Bi Hidaya, muuza dagaa, na mvua ikinyesha walihamisha kitanda.

"Hata mawese yenu ni mepesi," alisema siku moja akionja mchuzi, halafu akajiongezea.

"Mama Yusta, huko kwenu hata mbu walikuwa wanabisha hodi?" Bi Hidaya alimtania.

Yusta alicheka nao, ila moyoni alikuwa na hofu. Mama yake alikuwa analala na raba miguuni, kamba zimekazwa, kifurushi cha nguo kikiwa ndio mto. Ndivyo walivyolala kule miezi ya mwisho, ili risasi zikianza wakimbie bila kupapasa gizani. Na sasa alikuwa amesikia kwamba Ijumaa kuna boti kwenye mwalo wa Kibirizi linarudi Uvira.

"Nitaenda kuangalia nyumba yangu," alisema.

Yusta alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Kule watu walikuwa bado wanauawa.

Ijumaa Yusta aliamka jua limeshapanda. Mama hayupo, na kifurushi hakipo. Alitoka mbio, khanga hajaifunga vizuri, nusura aangukie beseni la sabuni uani.

Nguo zote za kifurushi zilikuwa kwenye kamba, zinachuruzika maji. Raba zilianikwa juu ya ukuta. Mama Verediana alikuwa pekupeku, anafua kitenge.

"Mama! Na boti?"

"Niende na viatu vimeloa?" Akakunja uso. "Jana nilisahau kufunga mlango, Yusta. Nimeamka asubuhi, uko wazi, na hakuna aliyeingia. Nyumba yangu ina milango mitatu, na kila mmoja nilikuwa naukingia kabati, na bado silali."

Yusta alikaa chini palepale kwenye maji machafu, akalia kwa furaha, wala hakuona haya.

"Inuka unisaidie kukamua," mama yake alisema. "Na hii sabuni ya huku haina povu kabisa."

Povu lilikuwa limemfika viwikoni.