Nyumba ya Barafu ya Egyakrom

Naitwa Araba Kwansima, mkuu wa wauza samaki wa Egyakrom, na sitanii nikisema hakuna mji katika pwani yote ya Ghana wenye nyumba ya barafu kama yetu. Jua linapiga paneli juu ya paa, mashine inanguruma, barafu inatoka. Hakuna moshi wala dizeli. Wageni huja kuipiga picha. Nawaacha wapige, na mimi nasimama mbele.

Lakini nusura niiue kwa mkono wangu mwenyewe.

Kabla ya barafu, samaki asipokaushwa kwa moshi siku ileile, anaoza. Kuni zetu zilikuwa mikoko ya mlango wa mto. Tuliikata miaka arobaini, mpaka samaki wachanga wakakosa pa kukulia na nyavu zikawa zinarudi na mwani mtupu. Mimi ndiye niliyekwenda kuapa mbele ya chifu: barafu ikija, hatutagusa mkoko hata mmoja. Chifu akapiga marufuku kukata, akaniwekea na sharti.

"Msimu ukianza nakupa wiki moja, Araba. Siku ya saba nione samaki wa vikosi vyote viwili kwenye hiyo nyumba yako. La sivyo naruhusu mapanga. Siwezi kulaza watu njaa kwa ajili ya miti."

Kwetu kila mtu ni wa kikosi cha baba yake. Kikosi cha Kwanza ni bluu, upande wa mashariki. Kikosi cha Pili ni nyekundu, magharibi, na mimi ni wa huko, damu na nyama. Mababu waliupigania mji huu pamoja, kisha wakaanza kupigana wao kwa wao juu ya rangi na picha za bendera. Siku hizi haturushiani mawe. Tunatukanana kwa vitambaa.

Basi nyumba ilipokwisha, fundi akaniuliza tuipake rangi gani. Ningesema nyeupe. Ningesema hata ya udongo. Kichwa kilikuwa kimevimba, nikamfikiria marehemu baba, mzee Otu, akipita pale na kuitazama, nikasema nyekundu.

Msimu ukaanza. Wa kwetu wakaniletea samaki. Mitumbwi kumi na minane ya Kikosi cha Kwanza ikatua kwao, na hakuna aliyeniletea hata samaki mmoja. Wake zao wakawasha moto. Siku ya tatu wakapandisha bendera mpya: kuku mwekundu ameatamia mapande ya barafu, anangoja vifaranga. Mji mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Nikamwendea Ato Bentsil, nahodha wao, mzee mwenye mdomo kama wembe.

"Mzee Ato, samaki hawana kikosi."

"Hawana, lakini wavuvi wanacho. Mwanangu apeleke samaki kwenye nyumba ya akina Otu? Si bora nimvalishe gauni?"

"Kuni zenu zinakwisha. Mtakaushia nini?"

"Wiki ikiisha kuni zipo. Wewe endelea kuatamia, mama."

Siku ya sita ikaangukia Jumanne. Jumanne haendi mtu baharini, bahari inapumzika, na wanaume wote wako ufukweni wanashona nyavu. Hapo ndipo nilipotoka na ndoo ya chokaa na brashi. Nikapanda ngazi mwenyewe, na miaka yangu sitini na mmoja, nikaanzia juu.

Kaka yangu Kwamena Otu, nahodha wa Kikosi cha Pili, alikuja mbio.

"Araba! Una wazimu? Unamfuta baba?"

"Baba alikuwa mvuvi. Angetaka samaki au rangi?"

"Shuka! Watatucheka mpaka kaburini!"

"Walishacheka. Nishikie ngazi."

"Sishiki kitu mimi!"

"Basi usiitikise."

Alitema mate chini akaenda zake, na kikosi changu chote kikanipa mgongo. Sijawahi kupigwa kofi lililouma kama migongo ile.

Wale wa bluu walikuwa wakipiga makofi na kuimba. Nikaendelea. Chokaa iliniingia machoni, na wekundu ule ulikuwa unajitokeza tu, ikanibidi kupaka mara tatu. Kufika mara ya tatu, nyimbo zilikuwa zimekwisha. Ato Bentsil akaja akasimama chini yangu.

"Shuka ule, mama. Dokono ya mahindi ipo na pilipili. Upande wa nyuma atamalizia mwanangu."

"Kwa chokaa, si bluu," nikamwambia.

"Kwa chokaa. Sisi si wezi wa kuta."

Kesho yake mitumbwi kumi na minane ikaja moja kwa moja mbele ya nyumba nyeupe. Chifu alikuwa ameketi kivulini anatazama. Nikageuka magharibi. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Jua likapanda. Chifu akaniuliza taratibu, "Na wa kwenu?" Nikaendelea kutazama magharibi.

Saa nne hivi nikaona mtumbwi, kisha mwingine, kisha yote. Kwamena alikuwa mbele. Hakunisalimu. Alitua kapu lake mlangoni, mbele ya foleni ya wanawake wa Kikosi cha Kwanza.

"Pisheni! Aliyeomba nyumba hii ni mtoto wa Otu. Tunaanza sisi!"

"Panga foleni, Kwamena!" Ato akafoka. "Ulikuwa umelala?"

"Sikulala. Nilinuna. Kununa hukujui?"

Watu wakaangua kicheko. Wakasukumana, wakatukaniana mpaka mabibi, wote wanagombea barafu yangu. Chifu akainuka, akatangaza kwamba mikoko haiguswi, mwaka huu wala ujao, akaenda kula.

Kwamena alingoja zamu yake amekunja uso. Alipofika kwangu aliuangalia ukuta, si mimi.

"Baba angekuchapa kwa ulichofanya jana."

"Najua."

"Kisha angeleta samaki."

Akageuka haraka nisimwone macho. Mimi sikugeuka. Nililia palepale mlangoni, mbele ya vikosi vyote viwili, wala sikuona haya.