Dawa Isiyonuka

Kwenye bonde lile la chini ya Soni, dawa ya nyanya hupimwa kwa pua. Ikikutia chafya ukiwa bado njiani, hiyo ndiyo dawa. Isiponuka, umeuziwa maji. Ndivyo Bi Shamsa alivyomfundisha Zuhura, mke wa marehemu mwanawe, tangu alipoletwa bondeni akiwa bibi harusi.

Kwa hiyo Kornelio, bwana shamba, alipoleta dawa ya majaribio na kusema kifuniko kimoja kinatosha bomba zima la kupulizia, bonde lote lilicheka. Zuhura alifungua kichupa akanusa. Hakusikia kitu.

"Hii ni teknolojia ya nano, mama," Kornelio alieleza. "Dawa imefungwa ndani ya vijifuko vidogo mno, jicho halivioni. Vinang'ang'ania jani, mvua haivisombi ovyo. Kiwavi kantangaze akitafuna jani amevila na vyenyewe, vinamfungukia tumboni. Ndiyo maana kidogo kinatosha. Na chupa hii ya pili ni mbolea ya namna hiyo hiyo, unaipulizia, majani yanainywa. Ile unayomwaga chini, mvua inaiteremsha mpaka Mombo."

"Basi watu wa Mombo wamenenepa kwa jasho langu," alisema Zuhura.

"Ila usichanganye na dawa nyingine. Hata tone."

Zuhura alicheka na wenzake, lakini roho ilikuwa juu. Misimu miwili mfululizo kantangaze, yule kiwavi mdogo anayechimba njia ndani ya jani la nyanya, alikuwa amemwachia mabua matupu. Shemeji yake Abubakari, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo, alikuwa ameshasema mbele ya ukoo kwamba shamba la marehemu kaka yake linachezewa. Nyanya zikifa tena, alichukue apande mikaratusi. Mzee Rajabu, mkubwa wa ukoo, alikubali kuja kukagua zikianza kuiva. Shamba likienda, Zuhura angerudi kwao Mtae na wanawe, mikono mitupu. Tuseme ukweli, hakujaribu ile dawa kwa imani. Alijaribu kwa sababu zile zinazonuka zilikuwa zimeshamwangusha.

Akaanza kazi. Bi Shamsa alikuwa akichota maji mtoni na kumjazia bomba, Zuhura akilibeba mgongoni na kupulizia tuta baada ya tuta, kutoka juu ya mteremko kushuka. Kila akijaza, bibi yule aliguna. Aliona mkwewe anamwagilia nyanya maji ya mto huku shamba likiondoka.

Asubuhi ya kupulizia tuta la mwisho, wingu lilikuwa limetanda na Zuhura alikuwa na haraka. Alisikia harufu fulani mgongoni, akadhani ni kanga yake ya kazini. Siku mbili baadaye tuta lile lote lilikuwa limebabuka, majani yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Na asubuhi hiyo hiyo, kabla hajapata hata pumzi ya kuuliza, wazee wakatokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Rajabu. Lakini Abubakari alikuwa ameshasimama kwenye lile tuta, mikono kiunoni.

"Mnaona wenyewe! Hayo ndiyo maji yake ya kisasa."

Zuhura aliinama, akachuma jani, akalinusa. Harufu aliijua vizuri. Ilikuwa ile dawa kali ya chupa nyekundu, iliyokuwa ikifichwa chini ya kitanda cha mama mkwe. Akainua macho. Bi Shamsa alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

Neno moja tu lingemwokoa Zuhura, na neno hilo lingemvua nguo mama huyu mbele ya wanaume wa ukoo wake. Akalimeza.

"Tupande juu, baba," alisema.

Wakapanda. Huko juu nyanya zilikuwa zimening'inia vichala kwa vichala, nyingine zimeanza kupiga wekundu, majani mapana na mabichi. Mzee Rajabu aligeuza jani, akageuza jingine, akitafuta vile vinjia vyeupe vya kantangaze. Hakuona hata kimoja, akaanza kutabasamu peke yake.

"Na lile la chini?" Abubakari hakukubali. "Dawa iliyounguza lile, kesho itaunguza na haya!"

Mzee akasita. "Kweli, Zuhura. Lile limekuwaje?"

Zuhura aliinama kuinua kichala kilichogusa udongo. Machozi yalikuwa karibu.

"Niulizeni mimi," ilisema sauti nyuma yao. Bi Shamsa alikuwa amepanda mteremko wote ule na magoti yake mabovu, anahema. "Nilimhurumia. Nikamtilia dawa yetu, ile yenye harufu. Vifuniko viwili, na cha tatu cha huruma. Huyu amejua, nimemwona akinusa. Amenisitiri! Yuko karibu kufukuzwa shamba, na bado ananisitiri mimi!"

Kisha akamgeukia Abubakari, akahamia Kishambaa, na aliyomwambia huko ni mambo ambayo Abubakari hajapenda kuyarudia mpaka leo. Mzee Rajabu alicheka mpaka akakaa chini.

"Shamba ni la Zuhura na wanawe," alisema akijifuta macho. "Mikaratusi kapande kwako."

Zuhura alipiga kigelegele mwenyewe, bila kungoja wa kumpigia, na bonde zima likamjibu. Wiki ile matenga yalipanda mpaka barabara ya Soni, na wachuuzi wakagombea nyanya zake wakaacha za wengine zikipigwa jua.

Jumamosi, Abubakari alikuja uani na bomba tupu mgongoni, sauti imepungua.

"Shemeji, naomba na mimi kifuniko kimoja."

Zuhura alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kichupa. Bi Shamsa akamzuia. Akafungua bomba la mwanawe, akaingiza pua ndani, akakunja uso.

"Kalioshe kwanza," alisema. "Linanuka."