Waliosahauliwa Kilimani

Kapteni alipoamuru kombania irudi nyuma, jambo moja alilifanya kwa ustadi mkubwa: alitangulia. Alitangulia kwa kasi hivi kwamba watu wawili waliokuwa kwenye handaki la mwisho hawakupata habari. Mmoja alikuwa mtu wa redio, mguu umevunjika na redio imepasuka. Wa pili alikuwa askari wa miguu wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba hadi wenzake wakamwita Mshipi.

Mshipi alichungulia nje.

"Kaka, wameondoka."

"Wote?"

"Hata sufuria wamebeba."

Mtu wa redio alifumba macho. "Basi na wewe nenda, mdogo wangu."

Mshipi alijaribu kumbeba. Yule bwana alikuwa na mwili wa kuwatosha watu wawili. Hatua ya nne wote chini. Ndipo Mshipi akakaa. Hakukaa kwa ushujaa. Hakujua tu angemtazamaje mke wa mwenzake.

Kulipokucha adui wakaanza kupanda. Mshipi alipiga risasi mbili, akatambaa hadi handaki jingine, akapiga tena, akarudi. Mtu wa redio, aliyebakiwa na sauti tu, aliamrisha jeshi lisilokuwepo: "Platuni ya pili, msifyatue mpaka niseme!" Adui, ambao nao walikuwa na mama zao, wakasita. Ikawa hivyo siku mbili. Maji yalipoisha, Mshipi alilia kidogo kila alipokuwa akijaza risasi, kisha akaendelea na kazi.

Huko nyuma, penye usalama na chai, kapteni alimwandikia barua mama yake Mshipi: mwanao amefia mikononi mwangu, na neno lake la mwisho lilikuwa jina la taifa. Mama, fundi cherehani, alifunga kibanda chake akalia hadi sauti ikakauka. Siku ya nne, wawili wale walipokwisha kuokolewa na kikosi kingine, ikaja barua ya pili: "Tunasikitika kukujulisha kuwa mwanao yu hai."

Sherehe ilifanyika uwanja wa kambi. Mshipi alivishwa nishani ya ushujaa. Kapteni alivishwa kubwa zaidi, kwa kurudi nyuma kwa mpangilio, na akapandishwa kuwa meja. Mtu wa redio alipewa magongo mawili, tena mapya.

Mama yake Mshipi alimfikia yule meja mpya kwenye kupeana mikono.

"Wewe ndiye kapteni?"

"Siku hizi meja, mama."

"Hongera, baba. Na hii ndiyo mikono aliyofia mwanangu?"

Meja aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima. "Vitani kuna mkanganyiko, mama."

"Naona. Ila huyu nimemzaa mimi. Neno lake la mwisho lingekuwa 'nina njaa'."

Jenerali aliyekuwa akigawa nishani akapatwa na kikohozi cha ghafla. Mshipi alimshika mama yake kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu kilimani akacheka mpaka tumbo likamuuma.

Wiki iliyofuata aliomba ahamishiwe bohari, ili ahesabu blanketi kwa amani. Ombi lilirudi na muhuri mwekundu: shujaa hakai bohari. Alipangiwa mstari wa mbele, kombania ileile, chini ya meja yuleyule, aliyemsifia sana kwenye fomu.

Mshipi aliikunja ile karatasi, akaenda kumtafuta dereva wa lori. Alitaka kujua, kabla ya yote, meja hupanda gari lipi anaporudi nyuma.