Modemu Nzito ya Mama Christabel

Jumamosi saa nane mchana, Molly Apiyo alisimama katika duka la Nyaberi mjini Kericho, modemu moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, akizipima. Ya kulia ilikuwa nzito. Ya kushoto ilikuwa nyepesi kama kiberiti kilichobaki njiti tatu. Nyaberi alimuuliza kama laini ya kwao ni ile ya zamani ama imebadilishwa. Molly akasema ni laini ya simu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amechuna majani chai, na hajawahi kuona mizani ikimsifu mtu kwa kikapu chepesi. Akachukua ile nzito.

Hapo ndipo alipokosea, na mama mwingine asirudie. Kabla hujanunua modemu, uliza wale wanaokuuzia mtandao laini yao ni ya aina gani. Uliza hata kama fundi amevaa viatu vizuri na wewe umetoka shambani na matope. Weldon, fundi aliyevuta waya hadi nyumba ya Molly, alikuwa amemwambia atafute modemu inayopatana na laini. Molly aliona haya kuuliza inapatana namna gani. Akaitikia tu, kama mtu kanisani.

Waya yenyewe ilikuwa ileile ya simu iliyotoka ofisi ya shamba la chai na kupita juu ya kambi ya wafanyakazi tangu enzi za wazungu. Haikuwa imeshuka kwenye nyumba ya mfanyakazi hata siku moja. Mwaka huu ndio ilishuka, kwa sababu kampuni ya mtandao iliona ni rahisi kuliko kuchimba mitaro. Binti yake Molly, Christabel, alikuwa ameitwa mahojiano ya chuo cha uuguzi, Alhamisi saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao. Simu ya mkononi pale bondeni hushika ukipanda kilima, na hata huko picha hukwama. Chuo kilikuwa kimeandika kwamba asiyeonekana kwa wakati wake, nafasi yake inapewa mwingine.

Jioni hiyo Christabel alichomeka modemu. Taa ya umeme ikawaka kijani. Taa ya mtandao ikawaka nyekundu, ikakaa nyekundu. Halafu modemu ikasema, kwa sauti ya mwanamume aliyetoka mbali, kwamba inamtaka Owiti wa nyumba nambari nane.

Christabel akaenda kumwita Owiti.

Owiti alikuja na kandambili, akainama karibu na modemu. Sauti ilikuwa ya kaka yake mkubwa, akipiga simu mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nne. Alisema kesi ya shamba la baba yao itasikizwa Jumanne, Owiti aje na cheti. Owiti alisikiza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Hiyo Jumanne nilikuwa napalilia," akasema. "Nilikuja kujua Krismasi kwamba kesi imeisha."

Christabel alisoma maandishi ya kwenye kasha na karatasi ya kampuni ya mtandao akaelewa. Laini ilikuwa imebadilishwa mwaka jana kuwa ya aina mpya, na modemu nzito ilikuwa ya aina ya zamani. Ilijua tu kuongea na vitu vya zamani vilivyobaki ndani ya waya, simu walizopigiwa wafanyakazi kupitia ofisi. Alimpigia Nyaberi simu kutoka kilimani. Nyaberi akasema atabadilisha, nzito kwa nyepesi, mradi irudi na kasha lake kabla hajafunga duka Jumatano.

Basi watu wa kambi wakajua wana hadi Jumatano. Walikuja kila jioni baada ya kazi, wakapanga mstari mlangoni kwa Molly kama wa zahanati. Simu zilikuja kwa mwaka, mmoja baada ya mwingine. Rebeccah, mama wa Kipsigis aliyetoka Chebunyo, aliambiwa na dadake kwamba ng'ombe wake amezaa mapacha na wanangoja yeye awape majina. Akawapa. Joab alipata simu ya msichana wa Ndanai aliyesema amekubali, aende kwao na wazee. Mkewe Joab alikuwa amekaa hapohapo, mtoto wa tano mgongoni.

"Mjibu basi," mkewe akasema. "Mwambie umechelewa, barabara ilikuwa mbaya."

Joab akasema hivyo. Msichana akashukuru, akakata simu.

Molly aliwapikia wageni chai, akihesabu miaka inavyosogea. Alijua mwaka wake. Mamake alifariki Ndhiwa mwaka wa elfu mbili na tatu. Habari ilimfikia siku tisa baada ya mazishi, na ofisi ikamwambia imeipata asubuhi hiyo.

Jumanne jioni Mzee Johana alileta maziwa kama kawaida. Siku hizi ana ng'ombe wawili upande wa Merigi. Zamani alikuwa karani wa ofisi, yeye ndiye aliyekuwa anashika simu. Alikuwa anamimina lita ya Molly wakati modemu ilipouliza, kwa Kijaluo na kwa sauti ya mamake Molly, kama Apiyo yuko karibu. Kisha sauti ya kijana, ya Johana mwenyewe, ikajibu kwa Kiswahili: "Yuko shambani. Nitamwambia jioni."

Mzee Johana alimaliza kumimina.

"Tuliambiwa tuseme hivyo," akasema. "Msimu ulikuwa wa majani mengi. Mkiambiwa, mlikuwa mnaondoka." Akafunga kibuyu chake cha plastiki, akaenda nyumba iliyofuata, na huko pia wakachukua maziwa.

Molly aliketi sakafuni.

"Mama, niko," akasema.

"Umekawia."

"Nimekawia, mama."

Waliongea mpaka chai ikapoa. Mamake hakusema habari ya ugonjwa. Aliuliza kama anakula, kama nyumba inavuja, kama alipata mtoto. Molly akasema alipata msichana, anaitwa Christabel. Watu waliobaki mlangoni walitazama pembeni. Baada ya mwaka huo simu zilikuwa chache tu, kwa sababu ndio wakati watu walianza kununua simu zao, na ofisi nayo ikatengeneza sanduku la mbao la kuzifungia saa za kazi. Molly alikuwa anafikiria kwamba modemu ikikaa pale, isichomolewe, mamake hatakata. Mahojiano huja tena mwaka mwingine. Mama hafi akarudi.

"Mtoto anafanya nini saa hii?" sauti ikauliza.

"Anangoja laini."



"Basi usimngojeshe," mamake akasema. "Mimi nimengojeshwa, najua."

Molly akaichomoa modemu mwenyewe. Ilikuwa na joto kama chapati, akaifunga na leso kabla ya kuitia kwenye kasha.

Jumatano Christabel alirudi na ile nyepesi. Taa zote zikawaka kijani, na haikusema neno. Alhamisi saa nne aliketi mbele ya kompyuta aliyoazimwa na kanisa, kola imepigwa pasi, akaonekana uso wote.

Nyaberi aliweka modemu nzito rafu ya chini. Siku hizi watu hutoka mashamba mengine kuiulizia. Akiwauliza laini yao ni ya aina gani, wanajibu bila haya: ya zamani.

Lile sanduku la mbao bado liko kwenye banda la mizani, katikati ya mteremko, ambapo simu hulia lakini sauti hukatika. Kila asubuhi wachunaji huweka simu zao ndani, karani wa sasa, Cheptoo, hufunga kufuli, na hufunguliwa saa kumi. Jumatatu ya pili, saa nne asubuhi, sanduku lililia. Molly alikuwa mistari mitatu kutoka pale, na aliujua mlio wa simu yake. Alimtazama Cheptoo.

"Jioni, mama," Cheptoo akasema.

Sanduku lililia mara saba. Kikapu cha Molly kilijaa mapema siku hiyo.

Saa kumi alipewa simu, akapanda kilima, akampigia Christabel aliyekuwa mjini.

"Mama, nimechukuliwa," Christabel akasema. "Nimekupigia tangu saa nne."

"Nilisikia," Molly akasema.