Viatu Mlangoni pa Maktaba

Maneno aliyoniletea Bimdogo, jirani yangu hapa Pasiansi, yalinikwama kama mwiba wa samaki. Nilimeza matonge, hayakushuka. Alisema chuoni kwa binti yangu Akelo wamefungua maktaba ya kisasa, vitabu upande huu, kompyuta upande ule, na kwenye kompyuta mtu haingii na viatu. Ndani baridi kama chumba cha maiti. Vitabu vya Ulaya vimefinywa kwenye kisahani kinachong'aa, ukikitazama sana na akili yako inafinywa humo humo. Kuna mmoja aliingia, hajaonekana tena. Bimdogo akamaliza, akaomba chumvi, akaenda zake.

Nimesoma hadi darasa la saba, si mjinga. Kitabu hakiingii kwenye kisahani. Lakini mtu kutoonekana, hilo lipo, na Akelo alikuwa hajaja nyumbani tangu mvua zianze.

Nikafunga sato wa kukaanga, nikaenda. Mlangoni pa chumba cha kompyuta nikakuta viatu vimejaa, na sandali za Akelo zimo. Kamba ya mojawapo niliishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nikachungulia. Watu wamekaa bega kwa bega, kimya, macho mekundu, msichana mmoja kajifunika khanga.

Sasa niambieni, kina mama. Kwetu Mara, viatu vikijaa mlangoni na watu wamenyamaza, ni nini? Ni msiba. Na kwetu mtu haendi msibani kimya kama mwizi. Nikajifunga kitenge kiunoni, mikono kichwani, nikaangua kilio.

Wasichana wa kwetu waliokuwa ndani wakasikia kilio cha nyumbani, wakakipokea bila kuuliza. Kijana mmoja akazungusha kofia ya rambirambi. Akelo mwenyewe akatoka mbio, machozi yanamtiririka.

"Nani amekufa, mama?"

"Wewe."

Akaja mkutubi, Bwana Venant, kidole mdomoni. Akaeleza kwamba viatu vinaleta vumbi, vumbi linaua mashine, na baridi ni ya mashine pia. Kisha akachukua kadi ya Akelo ya kuingilia. Sheria yao ni kwamba anayepiga kelele, au aliyeletewa mgeni wa kelele, haingii tena hadi muhula ujao. Na Akelo alikuwa na kazi yake ya kuandika juu ya samaki sangara, imo kwenye kompyuta, ya kumpelekea mwalimu Ijumaa. Asipoipeleka, anarudia mwaka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikaanza kumwomba Bwana Venant, akanionyesha ubao ulioandikwa KIMYA. Nikakaa kimya kwenye benchi karibu na viatu, ningoje hasira zake zipoe.

Lakini kila mwanafunzi aliyeinama kuvua viatu alimkuta mama wa watu amekaa. Atapitaje? Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu, kwenu wapi, wazee hawajambo? Mmoja akawa wa Ukerewe, shangazi yake namfahamu, tukaanzia mbali. Wengine wakapanga foleni wameshika viatu mkononi. Bwana Venant akatoka tena na kidole chake.

"Mimi sijaanza kusema na mtu," nikamwambia. "Naitikia tu. Au mnawafundisha wasisalimie wakubwa? Maana na wewe hujanisalimia."

Foleni nzima ikamtazama.

"Shikamoo mama," akasema, sauti chini.

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

Hapo nilimpata. Mama yake yuko Bukoba, miguu inamvimba, dawa za hospitali hataki, shamba la migomba hataki kuliacha. Akakaa kwenye benchi. Akasimulia, akapandisha sauti, akamwigiza mama yake anavyokataa dawa, tukacheka hadi mlango ukafunguka. Ndani wote wametugeukia, vidole midomoni.

"Bwana Venant," akasema Akelo, "na wewe utanyang'anywa kadi?"

Akajipapasa mfukoni, akaitoa ya Akelo, akamrudishia. Mtoto akaingia kumalizia sangara wake.

Kwa hiyo, mwenye mtoto chuoni aepuke haya:

Kusadiki habari ya mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Kulia kabla ya kuuliza aliyekufa ni nani.

Kwenda na samaki wa kukaanga penye kiyoyozi, harufu haitoki.

Kukaa benchi la mlangoni kama huna muda.

Kumwacha mtoto kwenye baridi ile bila sweta.